Kuhusu sindano ya kupigia picha ya mifupa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako ili nitoe maelezo kuhusu jambo aliloliandika msomaji mwenzangu hivi karibuni. Msomaji huyo aliwaonya wagonjwa wa saratani wasikubali kuchomwa sindano ya kupigia picha ya mifupa, akidai kwamba dawa ya sindano hiyo ina mionzi, kwamba huganda katika mifupa, na kwamba huendelea kumchoma mtu ndani kwa ndani maisha yake yote. Sina nia ya kumvunjia heshima, kwa sababu naamini aliandika kwa kuwahurumia wagonjwa. Hata hivyo, maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyomfanya baba yangu mdogo, mwashi mstaafu wa Pangani, akae nyumbani miezi miwili akiikataa safari ya Dar es Salaam, ilhali daktari alikwisha kumwandikia kipimo na sisi watoto tulikwisha kuchanga nauli. Kwa mtu mwenye saratani ya tezi dume, na mwenye maumivu ya kiuno yanayomnyima usingizi, miezi miwili ni muda mrefu sana.

Mimi si daktari. Nimefundisha kemia na baiolojia katika shule za sekondari za mkoa huu wa Tanga mpaka nilipostaafu, na siku ya kipimo nilimsindikiza mzee mwenyewe, nikakaa naye tangu sindano hadi picha. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo somo langu linaniruhusu kuyasema na yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Katika madai matatu ya msomaji mwenzangu, mawili ya kwanza ni ya kweli. Dawa ile ina mionzi, na kwa hakika hukimbilia mifupani na kushika huko, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyotengenezewa. Kosa limo katika dai la tatu, nalo halieleweki vizuri mpaka mtu ajue kwanza ni kitu gani kinachoivuta dawa hiyo kwenye mfupa.

Watu wengi, wakiwamo wanafunzi wangu wa miaka yote, hudhani kwamba mfupa ni kitu kisicho na uhai, mithili ya nguzo ya nyumba ambayo ikishasimikwa imesimikwa. Ukweli ni kwamba kila siku, hata katika mwili wa mtu mzima aliyekwisha kuacha kukua, zipo seli zinazobomoa vipande vidogo vya mfupa mkongwe, na zipo nyingine zinazofuata nyuma yao kujenga upya. Hizo za kujenga hutandaza kwanza nyuzinyuzi za protini, na juu ya nyuzi hizo hujipanga fuwele ndogo mno za madini ya kalsiamu na fosfeti, ambayo wanakemia huyaita hidroksiapataiti. Mkulima aliyewahi kununua mbolea ya Minjingu amekwisha kuwashika jamaa wa madini hayo mkononi mwake, maana mwamba wa fosfeti unaochimbwa kule Manyara ni wa ukoo huohuo wa apataiti.

Fuwele hizi zina tabia ya kunasa vitu vinavyofanana na sehemu zao wenyewe. Wenzetu wa Arusha na Meru wanaijua tabia hiyo kwa uchungu. Maji ya visima na chemchemi nyingi za kule yana floraidi nyingi, na mtoto anayekua akiyanywa huota meno yenye madoa ya kahawia, na kiasi kikizidi kwa miaka mingi hata mifupa yake huathirika. Floraidi haipotei njia ikaingia kwenye nyama. Huingia katika fuwele za meno na mifupa kwa kuwa inatoshea barabara mahali pa sehemu mojawapo ya madini hayo. Kipo hata kipimo cha mifupa kinachotumia floraidi yenye mionzi, ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya dakika 110 hivi. Kwa hiyo mtu anayeshangaa dawa inajuaje njia ya kwenda mifupani asiifikirie kama kitu kigeni kabisa, kwa sababu maji ya kunywa ya ndugu zetu yanaijua njia hiyohiyo.

Aliyeonyesha kwa mara ya kwanza kwamba madini ya mfupa huingia na kutoka alikuwa George de Hevesy, mwanakemia mzaliwa wa Hungaria. Akiwa Copenhagen pamoja na mwenzake aliyeitwa Chiewitz, aliwalisha panya fosforasi yenye mionzi, na mwaka 1935 wakatangaza kwamba fosforasi ile iliingia katika mifupa, kisha baadhi yake ikaondoka tena na kuwapisha wengine wa jinsi yake. Njia hiyo ya kukifuatilia kitu mwilini kwa alama ya mionzi ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943. Panya wale walikuwa tayari wanatueleza kile ambacho daktari wa leo anakitafuta kwa mgonjwa wake, yaani ni wapi mfupa una shughuli nyingi kuliko kawaida.

Dawa aliyochomwa baba mdogo ilikuwa na sehemu mbili zilizofungamanishwa. Ya kwanza ni mbebaji, kemikali inayofanana na fosfeti mbili zilizoshikana mikono. Katika fosfeti za kawaida za namna hiyo kiungo cha katikati ni oksijeni, na mwili una vimeng'enya vya kukikata. Katika mbebaji huyu wataalamu wameweka kaboni mahali pa oksijeni, na kwa hiyo hufika mfupani akiwa mzima. Ya pili ni teknetiamu-99m, ambayo ndiyo yenye mionzi. Mbebaji hushika juu ya uso wa fuwele, hasa zile zinazotandazwa upya, na teknetiamu aliyoibeba hutoa mwale wa gama unaotokea nje ya mwili na kusema kwamba upo hapo. Ili viwili hivyo vishikane, kichupa cha dawa huwa na chembe za bati ndani yake, na hewa ikiingia bati huharibika, teknetiamu ikabaki bila mbebaji na kukimbilia tumboni, kwenye tezi za mate na kwenye tezi ya shingo. Mtaalamu akiona tumbo na shingo vinang'aa katika picha ya mifupa, humshuku kwanza mtengenezaji wa dawa kabla ya kumshuku mgonjwa. Nilifurahi sana kulisikia jambo hilo, maana ni kemia ya kidato cha nne ikifanya kazi katika chumba cha hospitali.

Nililokuwa nalihofia zaidi ni namna ya kumweleza mzee haya yote. Ndani ya basi nilianza kueleza habari za fuwele na seli, naye akaniacha niseme mpaka tulipopita Segera, kisha akanikatiza kwa upole: "Mwanangu, mbona hiyo naijua. Plasta mpya hunywa rangi." Akanieleza kwamba ukuta wa zamani ukiuzibua mahali na kupaziba, kisha ukaupaka ukuta mzima chokaa ya rangi, kile kiraka kipya hunywa zaidi na kujitokeza, hata kama mkono wa fundi ulikuwa mzuri kiasi gani. Sijapata kuusikia mfano bora kuliko huo, na tangu siku hiyo ndio ninaoutumia. Mifupa yote hunywa dawa, kwa kuwa yote ina ukarabati mdogo usiokoma, lakini mahali penye kiraka kipya hunywa zaidi, na picha hupaonyesha.

Sindano yenyewe alichomwa saa tatu asubuhi, katika mshipa wa mkono, kwa bomba lililovikwa gamba zito la chuma la kumkinga mhudumu anayewachoma watu wengi kila siku. Hakusikia joto wala kizunguzungu. Aliambiwa anywe maji mengi na aende msalani mara kwa mara, na picha ingepigwa saa sita. Aliniuliza kwa nini tukae saa tatu nzima ikiwa dawa imekwisha kuingia. Jibu ni kwamba mwanzoni dawa huwa imeenea katika damu na nyama zote, na picha ya wakati huo ingekuwa ukungu mtupu. Kadiri muda unavyopita, karibu nusu yake hushika mifupani na sehemu kubwa ya iliyobaki huchujwa na figo na kutoka kwa mkojo, na hapo mifupa hujitenga na nyama ikaonekana wazi. Maji aliyokuwa akinywa yalikuwa sehemu ya kipimo sawasawa na sindano.

Saa sita alilazwa juu ya kitanda chembamba, na sahani mbili pana za kamera zikamkaribia, moja juu na moja chini, zikaanza kusogea polepole kutoka kichwani kuelekea miguuni. Mzee alikuwa amefumba macho, amekaza taya. Baada ya dakika chache akamwuliza mhudumu mionzi itaanza lini. Yule binti akamjibu: "Haianzi, baba. Kamera haitoi kitu. Wewe ndiye unayetoa, yenyewe inapokea tu." Nilimwona mzee akifumbua macho na kulegeza mabega. Laiti angeambiwa sentensi hiyo miezi miwili kabla.

Niliruhusiwa kusimama nyuma ya kioo karibu na kompyuta. Skrini ilikuwa tupu, kisha zikaanza kuja nukta nyeusi, moja hapa, mbili pale, kama manyunyu ya kwanza yanavyodondoka juu ya vumbi la uwanja. Kila nukta ilikuwa mwale mmoja uliotoka katika mwili wa baba yangu mdogo na kuigonga kamera. Hazikuwa na mpangilio wowote mwanzoni, lakini zilivyozidi kushuka likajitokeza fuvu, zikafuata mbavu moja baada ya nyingine, pingili za uti wa mgongo, kisha nyonga, na figo mbili zikaonekana kwa mbali kama vivuli. Nimefundisha habari za mifupa kwa mchoro wa ubaoni kwa miaka mingi, na sikuwahi kuwaza kwamba siku moja nitauona mfupa ukijichora wenyewe kwa nukta, ndani ya mtu aliye hai ninayemwita baba.

Katika picha iliyokamilika palikuwa na sehemu zilizokolea: mbavu mbili za kushoto zilizofuatana, magoti yote mawili, na pingili moja ya kiunoni. Mtu asiyejua angehesabu saratani mahali patano. Daktari alimwuliza mzee kama aliwahi kuanguka, naye akakumbuka kwamba mwaka uliotangulia aliteleza kutoka kwenye jukwaa alipokuwa akimwelekeza mjukuu wake kazi ya ukuta, akaumia ubavu na kujipaka mafuta bila kwenda hospitali. Mbavu zilikuwa zinaunga. Magoti yalikuwa ya mtu aliyechuchumaa na kupiga magoti kazini kwa zaidi ya miaka 40. Pingili ya kiunoni haikuwa na maelezo ya namna hiyo, akapelekwa kupigwa picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kwa vipande, mahali hapo, na huko ndiko saratani ilikothibitishwa. Kwa hiyo katika sehemu tano zilizokolea, iliyokuwa na saratani ilikuwa moja.

Nalikazia jambo hili kwa sababu hata wanaokubali kipimo wengi hulikosea. Dawa hii haiitafuti saratani. Inatafuta mahali mfupa unapojengwa, na saratani ya tezi dume inapofika mfupani huzichochea seli za kujenga zifanye kazi kupita kiasi, ndiyo maana pakakolea. Ushahidi mzuri wa jambo hili ni picha za watoto: mtoto mwenye afya kamili huonekana amekolea kwenye ncha za mifupa karibu na magoti, mabega na viwiko, kwa kuwa ndipo anaporefukia. Kinyume chake, ipo saratani ya uboho inayoitwa mayeloma, ambayo hubomoa mfupa bila mwili kujaribu kuujenga tena, na picha ya namna hii yaweza kuonekana safi kabisa ilhali mifupa imetobolewa. Vilevile mfupa uliokosa damu, kama inavyotokea kwa watoto wenye selimundu, ugonjwa tunaoujua vizuri sisi wa pwani, waweza kuonekana mtupu siku za mwanzo kwa kuwa dawa haikupata njia ya kufika, kisha ukakolea unapoanza kupona. Na iko hali nyingine inayotisha zaidi kwa sababu huweza kumdanganya asiye makini: saratani ikienea katika mifupa karibu yote, picha hutoka imekolea vizuri kwa usawa, na kinachomshtua mtaalamu ni kwamba figo hazionekani, kwa kuwa mifupa imeinywa dawa yote. Ndiyo sababu picha hizi husomwa na mtaalamu pamoja na historia ya mgonjwa, na si jambo la kutumiana kwenye simu na kutafsiriana barazani.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini eksirei ya kawaida isitoshe. Eksirei huona uzito wa madini, na mfupa huweza kupoteza asilimia 30 hadi 50 ya madini yake mahali fulani kabla jicho halijaona tofauti. Picha ya sindano huona shughuli, na shughuli hutangulia. Mara nyingine hutangulia kwa miezi.

Sasa nirudi kwenye dai la tatu, lile la mionzi kubaki maishani. Hofu hiyo ina asili yake, na ni haki isemwe. Huko Marekani, hasa jimbo la New Jersey, miaka ya 1910 na 1920 wasichana waliajiriwa kupaka rangi yenye radiamu kwenye nyuso za saa ili zing'ae gizani, nao walikuwa wakichonga ncha za brashi kwa midomo. Radiamu mwilini hufuata njia ya kalsiamu, ikaingia mifupani mwao, na kwa kuwa nusu yake huchukua miaka 1,600 kwisha, ilikaa humo. Taya zao zilioza na wengi wakafa. Mtu anayesema kwamba kuna kitu chenye mionzi kinachoweza kuganda mifupani na kumuua mtu anasema kweli, na kitu hicho ni radiamu.

Teknetiamu-99m ni kitu kingine. Nusu yake hutoweka kila baada ya saa 6. Basi likitoka Tanga saa kumi na mbili asubuhi na kuingia Dar es Salaam saa sita mchana, kichupa cha dawa hii ambacho kingekuwa ndani yake kingefika kikiwa na nusu ya nguvu kiliyoondoka nayo. Baada ya siku moja nzima hubaki sehemu 1 kati ya 16, na baada ya siku mbili sehemu 1 kati ya 256, hata kama mgonjwa asingekojoa tone moja. Tena mionzi yake ni ya gama, inayotoka nje ya mwili na kuonekana na kamera, tofauti na ile ya radiamu, ambayo huishia palepale mfupani na kuharibu seli zilizo jirani.

Kwa kuwa nimekuwa mwalimu, sitaki kuficha mabaki. Teknetiamu-99m ikishatoa mwale wake hugeuka kuwa teknetiamu-99 ya kawaida, ambayo nayo ina mionzi dhaifu na hudumu muda mrefu mno. Lakini kiasi chake ni kidogo kiasi kwamba uzito wake haufiki sehemu moja ya milioni ya gramu, na mionzi yake ni ya bekereli chache tu (bekereli ni kipimo cha chembe moja kupasuka kwa sekunde), ilhali potasiamu ya asili tunayoipata katika ndizi, viazi na maharagwe huufanya mwili wa kila mmoja wetu uwe na bekereli zipatazo 4,000 muda wote. Dozi ya kipimo kizima kwa mtu mzima ni takriban milisiveti 4, milisiveti ikiwa kizio cha mionzi inayoupata mwili. Binadamu wa kawaida duniani hupata wastani wa milisiveti 2.4 kila mwaka kutoka katika ardhi, hewa, chakula na anga, bila kuchomwa sindano yoyote. Dozi ya kipimo ina uzito wake na haitolewi ovyo; daktari huipima dhidi ya faida, na kwa mzee aliyekuwa hajui kama maumivu ya kiuno ni uzee au saratani, faida ilikuwa kubwa mno.

Tahadhari za kweli ni chache. Mwanamke mwenye mimba, au anayedhani huenda anayo, ni lazima aseme kabla ya sindano, na anayenyonyesha aulize pia. Siku ile ya kwanza mgonjwa anywe maji, akojoe mara nyingi, amwagie choo maji ya kutosha, anawe mikono, na asiwapakate watoto wachanga kwa muda mrefu. Baba mdogo alizifuata zote, na kesho yake jioni alikuwa na kitukuu chake mapajani.

Kuisha upesi kwa mionzi ya dawa hii ndiko kunakomlinda mgonjwa, na ndiko pia kunakoifanya huduma hii iwe ngumu kuifikisha kwetu. Dawa haiwezi kuwekwa akiba kabatini. Hospitali hupokea jenereta, mtungi mzito wa madini ya risasi wenye molibdenamu-99 ndani yake, ambayo nusu yake hudumu saa 66 na ambayo huzaa teknetiamu mfululizo. Wahudumu huikamua kila asubuhi kwa maji ya chumvi, nayo huchoka baada ya wiki moja hivi. Molibdenamu hiyo hutengenezwa katika vinu vya nyuklia vichache duniani, kimojawapo kikiwa Pelindaba, Afrika Kusini. Mwaka 2009 na 2010, kinu cha Chalk River cha Kanada na kile cha Petten cha Uholanzi viliposimama kwa matengenezo, hospitali za nchi nyingi zilikosa dawa na wagonjwa wakaahirishiwa vipimo. Kwa hiyo mtu wa Tanga anapopewa tarehe ya kipimo Dar es Salaam, kwa mfano katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, kisha akakosa kwenda kwa hofu aliyotiwa na jirani au na gazeti, dawa iliyokamuliwa kwa ajili yake huishia kwenye kichupa siku hiyohiyo, na hakuna wa kuitumia kesho.

Nalitazama pia neno letu "mionzi", kwa sababu naamini nusu ya tatizo imo humo. Kwa neno hilo moja tunaita eksirei ya kifua, tunaita sindano hii ya picha, na tunaita matibabu ya kuichoma saratani, ambayo dozi yake ni kubwa kwa makusudi kwa kuwa shabaha yake ni kuua seli. Bibi aliyemwona jirani yake amebabuka ngozi baada ya matibabu ya mionzi, kisha akasikia kwamba mumewe ameandikiwa "kipimo cha mionzi", ana kila sababu ya kuogopa. Baba mdogo alipoandikiwa kipimo chake alikabidhiwa karatasi yenye maelezo ya Kiingereza tupu, na hospitali iliyompa karatasi hiyo haikumweleza zaidi ya tarehe na gharama. Sisemi hivyo kwa kulaumu, maana foleni niliiona. Nasema kwamba nafasi iliyoachwa wazi na ukimya ule ndiyo iliyojazwa na jirani.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba waandishi wako watenganishe maneno haya wanapoandika habari za hospitali: matibabu ya mionzi yaitwe hivyo, na kipimo hiki kiitwe picha ya mifupa kwa sindano. Kwa wahusika wa Wizara ya Afya, na kwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ambayo ndiyo inayosimamia matumizi salama ya mionzi nchini, naomba karatasi ya maelezo ya kipimo hiki iandikwe kwa Kiswahili na itolewe siku ileile mgonjwa anapoandikiwa, hata kama kipimo chenyewe kitafanyika mkoa mwingine.

Tuliporudi, mzee aliniomba nimwandikie maelezo hayo nusu ukurasa, kwa herufi kubwa, ili awape wenzake wawili wa Pangani walioandikiwa kipimo hichohicho. Mstari wa kwanza aliutaka uwe ule wa plasta na rangi, na wa pili uwe jibu la yule binti wa kamera. Mmoja wa wazee hao amekwisha kwenda na kurudi. Nakala ya karatasi hiyo nimeiambatanisha na barua hii, na ikiwa nafasi itaruhusu naomba uichapishe kama ilivyo.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.